Ukuta wa Wabaya, Dirisha la Walioshindwa

Ninyi mnaotaka kufundisha watu wazima, msinianzie na kompyuta. Anzeni na viti. Ukifika ukumbini, kabla hujavua koti, shika kiti kimoja ukiinue. Kikiwa kizito, tafuta ukumbi mwingine, kwa sababu mtu aliyetoka zamu ya ghala hatakubali kukibeba, na somo langu lote lilitegemea mtu kubeba kiti chake mwenyewe.

Jina langu ni Sahra, Msomali wa Isiolo, nchini Kenya. Nilisomea falsafa Nairobi wakati baba yangu akiwaambia majirani kwamba nasomea sheria. Sasa nimestaafu. Kazi yangu hapa Birmingham, Uingereza, niliifanya jioni, kwanza katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Nechells na baadaye mtaa wa Perry Barr, nikiwafundisha watu wanaozungumza Kiswahili jambo ambalo hakuna aliyenituma kulifundisha: Wagiriki wa kale walimaanisha nini waliposema mtu fulani ni mbaya, au mji fulani ni mbaya. Mjukuu wangu mmoja aliposikia aliniuliza, "Ayeeyo, people actually came for that?" Ayeeyo ndiyo nyanya kwa Kisomali. Nikamwambia walikuja, tena na mvua, na wengine hawakuwa na koti la maana.

Mambo hayakuanza na Wagiriki. Yalianza na mtihani wa uraia, ule wenye maswali ya wafalme, mahakama na sikukuu, ambao mgeni lazima aufaulu ili awe raia wa nchi hii. Niliajiriwa kuwaandaa wale ambao Kiingereza chao kilikuwa bado kinachechemea. Jioni moja mama mmoja wa Tanga akauliza hiyo demokrasia ilitoka wapi. Nikamjibu kwamba ilitoka Ugiriki, na kwamba wenye akili wengi wa huko huko waliichukia. Darasa zima likataka kujua. Waliichukia kwa nini? Nikasema hilo halimo kwenye mtihani, tutaliongea wakishafaulu. Nilidhani wangesahau. Walifaulu, wakarudi na maandazi, wakakaa, wakangoja jibu.

Ualimu wenyewe nilifundishwa na Doreen, mama wa Kiingereza aliyezaliwa mtaa wa Hockley, kwenye karakana za vito. Baba yake alikuwa fundi wa dhahabu. Kwao vumbi la sakafuni halikutupwa. Lilifagiliwa, likawekwa kwenye pipa, na likijaa lilipelekwa kuchomwa ili chembe za dhahabu zilizodondoka zipatikane. Doreen aliyashika majibu ya wanafunzi namna hiyo hiyo. Mtu akitoa jibu la ovyo kabisa, Doreen alilirudia polepole, akaliangalia huku na huku, na mara nyingi akakuta kitu ndani yake. Siku aliponitazama nikifundisha kwa mara ya kwanza alinichukua nje, akawasha sigara, akaniambia kwamba nazungumza vizuri sana na hiyo ndiyo shida yangu. Nilinuna njia nzima hadi nyumbani. Alikuwa amesema kweli, na nampenda mpaka leo kwa kunisema mapema. Amelala sasa kwenye makaburi ya Handsworth, nami hupita kumsalimia.

Viti ni wazo lake. Unatoa kisa, unauliza swali moja, kisha unanyamaza. Mtu hajibu kwa mdomo. Anainuka, anabeba kiti chake, anakwenda kukaa upande anaouamini, na asiyejua anabaki katikati. Sheria zilikuwa mbili tu. Unaweza kuhama wakati wowote bila kueleza sababu, na hakuna kumbebea mwenzako kiti. Doreen alitumia viti kwa mambo ya uchaguzi na kodi. Mimi nilivitumia kwa ubaya. Nilieleza kisa cha mtu aliyetenda vibaya, kisha nikasema: anayeona huyu ni mbaya aende ukutani, anayeona huyu ameshindwa aende dirishani.

Kasoro ni kwamba ule ukumbi wa Nechells hita yake ilikuwa ukutani, na dirisha halikufungika vizuri. Aliyetaka kumhurumia mtu ilimbidi avae koti. Nilitaka kubadilisha pande, lakini Doreen alinikataza akicheka. Alisema acha hivyo hivyo, utajua nani anahurumia kweli.

Basi somo la kwanza nililianza kila mara kwa jambo la kuchekesha. Zamani sana huko Ugiriki matajiri wenye mashamba na farasi walijiita "wazuri". Wachukuzi, wapiga makasia, wauza soseji, wote wasio na ukoo wa kutajwa, waliitwa "wabaya". Si kwa kosa lolote walilofanya. Ilitosha kuzaliwa upande usiofaa wa mji. Ndiyo maana watu maskini walipoanza kupiga kura, matajiri walilalamika kwamba mji umeangukia mikononi mwa wabaya. Nilipofika hapo Njeri wa Nakuru, anayehudumia wazee kwenye makao ya kulelea, aliinua mkono. "Kumbe mwalimu mimi ni mbaya tangu nizaliwe," akasema, "na vile nimechoka, sijapata hata time ya kufanya huo ubaya." Watu wa Nechells walicheka mpaka wakashika mbavu, kwa maana walijua vizuri mtaa wao unavyosemwa na wasiokaa ndani yake.

Baada ya kicheko ndipo nilipowaleta wale walimu wawili wa kale, mzee na mwanafunzi wake. Mzee alilitoa neno "ubaya" kwenye mfuko wa mtu akalipeleka ndani ya nafsi. Alisema kila mtu ni mji mdogo. Ndani yake mna akili, mna hamasa, mna tamaa, na ubaya ni mapinduzi: yule asiyefaa kutawala amekalia kiti cha mtawala. Dikteta, alisema, ndiye mtumwa kuliko watumwa wote, maana anatawaliwa na tamaa moja na hana rafiki hata mmoja. Na hakuna mtu, alisema mzee, anayechagua ubaya akijua kwamba ni ubaya. Amekosea njia akidhani ndiyo ya kwendea heri.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo walimu wachanga huharibu. Msichore pembetatu ya akili, hamasa na tamaa ubaoni. Mimi nilichora, nikaipaka na rangi, na watu waliotoka kazini tangu alfajiri wakalala usingizi wa pono. Waulize tu: asubuhi ya leo saa ilipolia, nani alitawala ndani yako? Hapo kila mtu ana la kusema, na mji wa Wagiriki unakuwa mwili wake mwenyewe chini ya blanketi. Na chai itolewe katikati ya somo, isitolewe mwisho, kwa sababu mambo mazito watu huyasema wakiwa wameshika kikombe.

Wakati wa korona, tulipofundisha kwa video, viti vilinishinda. Nilikuwa natazama nyuso kwenye vidirisha kama stempu. Tukabuni vikombe: aliyesema "mbaya" aliweka kikombe kulia kwake, aliyesema "ameshindwa" kushoto, na kila siku kulikuwa na ugomvi wa kulia kwa nani. Sikupenda. Kikombe ni chepesi mno. Mtu akibeba kiti mwili unajua kwamba ameamua.

Nataka niwasimulie kuhusu Papa Zihindula, maana hata kama mtayasahau hayo mengine yote, huyu mmoja atawatosha.

Papa Zihindula alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, Congo, mzee wa kanisa, mfanyakazi wa ghala palepale Nechells. Alikuja darasani na tai, viatu viking'aa hata siku za theluji. Tangu jioni ya kwanza alibeba kiti chake hadi ukutani, na hakuhama tena. Nilitoa kisa cha mwizi wa mkate, akabaki ukutani. Nikatoa kisa cha mlinzi aliyesinzia, akabaki. Njeri alimtania kwamba anapenda hita tu. Alitabasamu kwa adabu, akarekebisha tai, hakuinuka.

Siku moja wakati wa chai alinisogelea. Alikuwa akikoroga kikombe ambacho hakukitia sukari. "Mwalimu," akasema, "hao Bagiriki banasema nini? Mutu mubaya, anaweza kugeuka, ao ni kumuacha tu?" Nilifanya kama Doreen alivyonifundisha, sikujibu. Nilimuuliza kwa nini anataka kujua. Akasema ni swali la darasa tu, akarudi kwenye kiti chake. Lakini mtu hakorogi chai isiyo na sukari kwa swali la darasa.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya somo ninalolipenda kuliko yote. Mzee yule wa kale alieleza jinsi mji mzuri unavyooza hatua kwa hatua, na kila hatua aliieleza kwa habari ya baba na mwana. Baba ni mwema, lakini mwana anasikia mama akilalamika kwamba baba hana jina mjini, basi anakua akipenda sifa. Mwana wa huyo anamwona baba akiangushwa pamoja na sifa zake, basi anakua akipenda mali. Wa huyo naye anapenda starehe zote sawasawa, na wa mwisho anakuwa dikteta. Kila mbaya ametoka nyumbani kwa mtu aliyekuwa nafuu kidogo kuliko yeye. Nililifundisha kwa raha siku ile, nikiigiza mama anayelalamika, watu wakicheka. Papa Zihindula hakucheka. Somo lilipokwisha alinifuata hadi mlangoni.

"Donc, basi, ni miye," akasema. "Bagiriki banasema ni miye."

Nilimwambia hapana, yule mzee wa kale alikuwa akieleza miji, na kwamba mtoto huvuta hewa ya mji mzima na si ya baba yake tu. Alivaa kofia, akanishukuru, akaondoka. Wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa wazi. Badala yake alikuja mkewe, na hakuja darasani, alikuja jikoni kunisaidia kuosha vikombe. Kila mtu alimwita Mama Espoir.

Alinisimulia akiwa ameinamia sinki. Espoir ni mtoto wao wa kwanza. Alikuwa amekamatwa akiwabebea watu madawa ya kulevya, akafungwa, akatoka. Alipotoka baba yake hakumpokea. Kijana alikuwa akikaa hosteli ya Perry Barr, mwendo wa basi moja tu kutoka nyumbani, na hosteli ilikuwa imemwambia kwamba kabla ya Pasaka atahamishiwa mji mwingine asikomjua mtu. Mama alikuwa akimpelekea chakula kwa siri, na sufuria zikipungua kabatini Papa alijifanya hazioni. Nyumbani jina la Espoir halikutajwa. Papa alikuja darasani, mama alisema, kwa sababu alisikia kuna mwalimu anayejua habari za ubaya kutoka mwanzo wake. Alitaka kuambiwa kama mwanawe amekwisha.

Nilishika taulo nikafuta tena kikombe kilichokwisha kukauka. Miaka yote ile nilifundisha ubaya kana kwamba umekaa mbali, na sasa ulikuwa umeingia jikoni, kati ya vikombe vyangu. Mama Espoir hakuniomba nimgeuze mumewe. Aliniomba tu nisiache kufundisha akirudi. "Akikuya hapa, usiku analala," alisema. "Siku hana darasa, halale."

Alirudi. Akakaa ukutani. Nami nikafundisha ya yule mwanafunzi, ambaye alimpinga mwalimu wake juu ya jambo moja kubwa. Mwalimu alisema hakuna anayefanya ubaya akijua. Mwanafunzi akasema, tazameni watu vizuri: wapo wanaojua kabisa na bado wanafanya. Hao akawafananisha na mji wenye sheria nzuri zote zilizopitishwa barazani, lakini mji hauzitumii. Mbaya wa kweli ni mji mwingine. Huo unazitumia sheria zake kila siku, ila sheria zenyewe ndizo mbaya. Yule wa kwanza hujuta na anaweza kupona. Wa pili hajuti, kwa sababu ndani yake kila kitu kinakwenda kama kilivyopangwa. Nilipouliza juu ya yule wa kwanza, karibu darasa zima lilibeba viti kwenda dirishani, koti juu ya koti. Papa Zihindula alibaki peke yake karibu na hita.

Watu walipoondoka alibaki kunisaidia kupanga viti. Tulimaliza rundo la kwanza. Kisha nikamuuliza, bila kumwangalia, kama Espoir anajuta.

Hakushangaa kwamba najua. "Alituma message," akasema. "'Sorry Dad.' Pardon haiombwake kwa telefone, Mwalimu."

"Inaombwa vipi?"

Aliweka kiti chini, na uso wake ukabadilika. Alinieleza kama mtu anayeeleza nyumba aliyozaliwa. Kwao, mtoto aliyekosa sana haendi kwa baba peke yake. Anatafuta mtu mzima anayeheshimika, mjomba au jirani, amsindikize. Kijana anasimama nje. Mtu mzima anaingia kwanza, anauliza kama nyumba ina nafasi, na baba anamjibu yeye. Ikiwa ipo, kijana anaingia, anataja kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya watu. Baada ya hapo hakuna mtu wa nyumba hiyo anayeruhusiwa kulitaja tena, hata kwa hasira, hata kwa utani, mpaka kufa.

Nikamwambia ni sheria nzuri. Nilisema kutoka moyoni, kwa sababu nimesoma sheria za miji mingi ya kale na sikumbuki yenye huruma kama hiyo.

"Ni muzuri sana," akasema. "Na miye nilimungojea. Kila samedi ninavaa costume, ninakaa kwa salon, ninangojea. Haye kuya."

Na kijana hakuja. Mtu huyu alikuwa akikaa na suti sebuleni kila Jumamosi tangu mwanawe atoke jela, akisikiliza hatua za watu barabarani, na mkewe akidhani amevaa kwa ajili ya mikutano ya kanisa.

"Espoir anaijua sheria hiyo?" nikamuuliza.

"Kila mutoto wa kwetu anaijua."

"Alikuja huku akiwa na umri gani?"

Alihesabu kwa vidole. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama yake alikuwa angali anamubeba mugongoni."

Si rahisi kumuuliza mzee swali kama lile, na mimi tangu zamani ni mkali wa maneno, kwa hiyo nilitafuta sauti yangu ya upole nikaikuta kwa shida. "Papa," nikasema, "kuna mji una sheria nzuri sana. Raia wake hakusomewa sheria hiyo hata siku moja, na sasa anaadhibiwa kwa kutoifuata. Mji huo tuuweke upande gani?"

Hita iligonga ukutani kama kawaida yake. Papa Zihindula alilegeza tai. Halafu akachukua kiti kutoka kwenye rundo tulilokwisha kupanga, akakibeba hadi dirishani, akaketi akinipa mgongo. Hakuwa na koti. Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi, maana kuna nyakati mwanamume anahitaji kuachwa.

Nilipotoka alikuwa amepangusa macho. Aliniambia hawezi kumfuata kijana mwenyewe, sheria haimruhusu, na kaka zake Mama Espoir wote wamebaki Congo, walio hai na waliokufa. Hapa mjini hakuna mjomba. "Nani atamusindikiza?"

Nikamwambia mimi nitamsindikiza.

Alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Weye ni mwanamuke, Mwalimu. Ni Musomali. Ni Mwislamu."

"Na ni mzee," nikasema.

Papa Zihindula akacheka, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa sauti. "Muzee, quand même," akakubali, yaani mzee hata hivyo.

Nilimpata Espoir kwenye ngazi za hosteli Perry Barr, kijana mrefu, mabega ya baba yake. Anakielewa Kiswahili chote, lakini hujibu kwa Kiingereza kama watoto wetu wote wa hapa. Alidhani nimetumwa kumwambia asitume ujumbe tena. Nilipomweleza ile sheria, alinisikiliza kwa makini mpaka nilipofika kwenye Jumamosi na suti. Hapo akanikatiza.

"He's been waiting for me?" akauliza. "In his suit?"

Nikamwambia ndiyo, amevaa suti. Akakaa chini kwenye ngazi, akafunika uso kwa mikono. Baadaye aliniomba nimfundishe maneno ya kusema. Nilikataa. Nilimwambia maneno ni yake na kiti ni chake, mimi nitafungua mlango tu.

Jumamosi ilipofika tulitembea pamoja kutoka kituo cha basi hadi nyumbani kwao, mchana, jua la Birmingham lile lisilo na joto. Nilimwacha nje ya mlango nikaingia. Sebuleni alikuwamo Papa, suti yake nyeusi, na Mama Espoir, na mama wa Tanga, na Njeri aliyebadilisha zamu ili awepo. Niliuliza kama nyumba hii ina nafasi. Papa alirekebisha tai kwanza.

"Iko," akanijibu.

Espoir aliingia akasimama katikati ya zulia. Alianza kwa Kiswahili, kikavunjika, akaingia Kiingereza, akakirudia Kiswahili. "Nilibeba vitu ya batu mubaya," alisema. "Na nilijua, Papa. Sikukuwa sijui. Kila siku nilisikia wewe ndani ya kichwa, unasema usifanye. I heard you every time. Nikafanya tu."

Mimi niliyefundisha jambo lile miaka yote sikuwahi kulisikia likisemwa vizuri hivyo. Sheria zote zilikuwamo ndani yake, kwa sauti ya baba yake, na hakuzitumia. Nilimtazama Papa Zihindula, nikaona kwamba amelisikia pia. Kisha aliinuka akafanya jambo ambalo halimo katika sheria yao. Alisema mbele yetu sote kwamba naye ana kosa la kutaja: alikuwa na sheria ya kumrudisha mtoto nyumbani, akaificha kwa kudhani inajulikana. Akavuka zulia, akamkumbatia. Mama Espoir aliachia kilio alichokuwa amekishika tangu jela, akakimbilia jikoni, akarudi na sombe, kisamvu cha kwao, na samaki, na hakuna aliyetaka kula kabla ya Espoir.

Tangu siku ile watu wa nyumba ile hawajalitaja. Sheria inawafunga wao. Mimi nimeomba ruhusa ya kuwasimulia ninyi, na Papa alikubali mara moja. Alisema kosa halitajwi tena, lakini mlango lazima utajwe, mpaka mtoto wa mwisho aujue.

Mtaniuliza basi Wagiriki walisaidia nini. Sijui vizuri. Ninachojua ni kwamba mtu hawezi kukaa mbele ya mwanawe na kumwita mji ulioharibika, lakini akipewa mji wa mbali, wa watu waliokufa zamani, anaweza kuuzunguka kwa utulivu mpaka akutane na nyumba yake mwenyewe. Basi wapeni watu mji huo wa mbali. Msiwaharakishe waingie ndani yake, na msitangulie ninyi kuwaonyesha nyumba yao.

Jioni ya darasa iliyofuata, Papa Zihindula aliingia akiwa amechelewa kidogo, Espoir nyuma yake, tai yake palepale, mikononi ameshika viti viwili. Nilitaka kumkumbusha kwamba kwetu hakuna kumbebea mwenzako kiti. Nikauma ulimi. Alivipeleka vyote dirishani, akaviweka bega kwa bega, akaketi, na Espoir akaketi kando yake. Upepo ulikuwa ukiingia kwenye ufa wa lile dirisha lisilofungika vizuri.

"It's freezing here, Papa," Espoir akanong'ona. "Kule kuko hita."

"Najua," Papa akamwambia. "Vaa koti."